Mheshimiwa wa Shaba

Mtaa wa mafundi ulikuwa nyuma ya soko, na katika mtaa huo palikuwa na mchomeleaji wa mageti aliyeitwa Profesa. Jina hilo alijipa mwenyewe. Wenzake walilichukua kwa kumcheka, kisha wakalizoea, na yeye hakuwahi kuona tofauti kati ya kuchekwa na kuheshimiwa.

Tuseme kweli, kwa kuchomelea hakuwa mbaya. Mshono wake ulinyooka, mageti yake yalifunga bila kusukumwa kwa bega, na bawaba zake hazikulia. Angetosheka na hayo, angeishi na kuzeeka kimya, na hapa tusingekuwa na la kusimulia. Lakini Profesa alikuwa na jambo kichwani tangu utotoni, na jambo hilo lilimnyima raha.

Alipokuwa mwaka wa pili wa sekondari, mwalimu wa kemia aliingia maabara na glasi ya maji ya bluu, bluu nzuri ya kung'aa. Akatumbukiza msumari mpya ndani yake. Baada ya muda mfupi akautoa, na msumari ulikuwa mwekundu kama sarafu iliyotoka kiwandani. Darasa zima lilivuta pumzi. Profesa, wakati huo kijana mrefu mwenye magoti ya kugongana, alikaa mstari wa nyuma na hakuweza kujizuia. Aliomba ruhusa ya kwenda chooni, akatoka mbio, akazunguka dirisha baada ya dirisha la madarasa mengine akitangaza: "Mwalimu kageuza chuma kuwa shaba! Nimeona kwa macho yangu!" Aliporudi, kengele ilikuwa imelia na ubao ulikuwa umefutwa.

Mwaka uliofuata aliacha shule akaenda kujifunza kuchomelea kwa mjomba wake. Aliingia duniani na nusu ya somo, tena nusu ya kwanza, ile tamu. Nusu ya pili, inayoeleza kwa nini, ilibaki kwenye vumbi la chaki.

Miaka ikapita, akaoa, akapata watoto na kitambi cha heshima. Siku moja alikwenda duka la pembejeo kutafuta dawa ya mchwa, na pale kwenye gunia lililofunguliwa akaona punje za bluu ile ile. Moyo ukamruka.

"Hii nini?" aliuliza, akijitia hana haja.

"Mrututu," muuzaji alisema. "Watu wa nyanya wanapulizia kuzuia ukungu. Una nyanya?"

"Nina zaidi ya nyanya," Profesa alisema, akanunua mfuko mzima.

Nyumbani mke wake alikuwa ametoka. Profesa alichukua sufuria kubwa ya alumini, ile ambayo mke wake aliificha juu ya kabati ili isiguswe na mtu, akatia maji ya moto, akamwaga mrututu, akakoroga. Kisha akaongeza chumvi ya jikoni, kwa hoja kwamba chumvi haijawahi kuharibu kitu. Akatumbukiza bawaba mbili na kusimama pembeni akiwa amekunja mikono, kama anayepigwa picha.

Sufuria ikaanza kuchemka, na jiko halikuwa limewashwa. Povu likapanda, joto likapanda, tope la rangi ya matofali likajaa ndani. Profesa akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka akagonga mlango. Chini ya sufuria pakatoboka, na uchafu wote ukamwagika sakafuni, ukatiririka hadi chini ya kabati la vyombo.

Mke wake aliingia akiwa bado ameshika mkoba. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, na kila neno alilinoa kwanza.

"Umepika nini?"

"Ni utafiti, mama watoto."

"Utafiti umekula sufuria yangu."

Mtu mwingine angejiuliza kwa nini sufuria iliisha na bawaba zikabaki. Profesa hakujiuliza. Alihitimisha kwamba sufuria ilikuwa feki. Asubuhi iliyofuata aliibeba hadi dukani iliponunuliwa, akaingiza ngumi katika lile tundu, akaitingisha mbele ya wateja na kupiga kelele kuhusu wafanyabiashara wasio na huruma. Muuza vyombo, kwa hofu ya kuharibiwa jina, alimpa nyingine. Profesa akarudi nyumbani kichwa kimevimba, na tangu siku hiyo hakuna mtu aliyeweza kumwambia kwamba kemia haimpendi.

Alihamia kwenye beseni la plastiki, na humo mambo yalikwenda vizuri. Bawaba iliyosuguliwa ikang'aa iliingia nyeupe ikatoka nyekundu. Aliisafisha, akaipangusa, akaipaka vanishi, na ukiitazama ungeapa ni shaba. Akaanza kuuza vitasa vya shaba, maua ya shaba ya kubandika getini, hata vichwa vya simba ambavyo mbele vilifanana na simba na kwa pembeni vilifanana na shangazi wa mtu. Watu waliojenga juzi na kutaka majirani wajue walipanga foleni. Mvua ziliponyesha, shaba ikaota madoa ya kahawia na kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Wateja walirudi, na Profesa aliwapokea kwa upole wa daktari.

"Shaba inapumua," aliwaambia. "Wewe uliibana na ukuta."

Ajabu ni kwamba wengi waliomba radhi.

Mtu mmoja tu hakudanganyika, naye alikuwa shemeji yake, kaka wa mke wake, mwalimu wa kemia katika sekondari ya pale pale mjini. Alikuwa mwembamba, mwenye tai fupi, na sauti ya mtu anayeogopa kumwamsha mtoto. Siku ya mapumziko alikuja kumwamkia dada yake, akapita karakana, akaliona beseni.

"Shemeji, huo si mgeuzo," alisema. "Shaba imo tayari ndani ya mrututu, imeyeyuka. Unapotia chuma, chuma kinaingia majini na shaba inatoka. Wanabadilishana nafasi. Hujageuza kitu. Unapoteza chuma chako kidogo kidogo."

"Wewe ulisomea kwenye vitabu," Profesa alimjibu. "Mimi nimeona kwa macho."

"Metali zina ngazi yake. Juu kabisa potasiamu na sodiamu, halafu unashuka: kalsiamu, magnesiamu, alumini, zinki, chuma, risasi, shaba, fedha, dhahabu. Aliye juu anamtoa aliye chini kwenye maji yake. Alumini iko juu zaidi ya chuma, na chumvi uliyotia iliitoa ngozi inayoilinda. Ndiyo maana ile sufuria..."

"Sufuria ilikuwa feki. Nilirudishiwa."

"Na kitu kibaya zaidi," shemeji aliendelea, sauti ikizidi kushuka, "ukifunika chuma kwa shaba nyembamba yenye matundu, ikanyeshewa, chuma ndicho kinacholiwa. Kinaoza haraka kuliko ungekiacha uchi."

Profesa alimtazama kwa huruma ya kweli. Alimwona kama mtu aliyesoma hadi akapofuka. "Shemeji," alisema, "kunywa chai, ipo ndani."

Mji ule ulikuwa na Mheshimiwa, mwenyekiti wa halmashauri, mtu mnene mwenye kucheka kabla ya mzaha wake mwenyewe. Alikuwa amekaa kwenye kiti muda mrefu kiasi kwamba alianza kuingiwa na hofu ya kusahaulika, jambo ambalo halikuwa linakaribia hata kidogo, kwa kuwa kila mtu aliyechota maji mtoni alimkumbuka asubuhi na jioni. Mradi wa maji aliouzindua ulikuwa umekwama. Tangi kubwa la chuma lilikuwa limeletwa vipande vipande na vikalala kwenye yadi ya halmashauri, majani yakiota katikati yake.

Mheshimiwa aliamua kwamba kinachohitajika ni sanamu yake mwenyewe, ya shaba tupu, kwenye mzunguko wa barabara mbele ya soko. Kamati ikaundwa. Ikapiga hesabu ya shaba tupu, ikapitisha, na fedha zikatoka kwa kasi ambayo maji hayakuwahi kutoka nayo. Ndipo Mheshimiwa akaja mwenyewe karakana kwa Profesa, amevaa miwani ya jua chini ya paa la bati.

"Nimesikia unatengeneza shaba," alisema.

"Ninaigeuza, Mheshimiwa. Kutoka kwenye chuma."

Mheshimiwa alimtazama kwa muda, kama mtu anayekagua mbuzi. Alielewa haraka kwamba yuko mbele ya mtu anayeamini anachosema, na hao ndio watu aliowapenda kufanya nao kazi.

"Chuma nitakuletea," alisema. "Wewe geuza. Mradi ing'ae siku ya uzinduzi."

Siku ya pili lori la halmashauri lilishusha mabamba makubwa ya chuma yenye mikunjo na matundu ya bolti. Profesa aliyajua mara moja. Mtaa mzima uliyajua. Yalikuwa ni lile tangi. Alikuna kichwa, akaangalia kulia na kushoto, akajiambia kwamba mambo ya serikali yana wenyewe, akawasha mashine.

Kazi ilimchukua wiki nyingi, na hatuwezi kumnyima haki yake: aliipenda. Alikata, akakunja, akagonga kwa nyundo ya mpira hadi mashavu yakatokea. Tumbo ndilo lililokuwa jepesi kuliko vyote, maana bamba la tangi lilikuwa tayari limepinda vile vile. Pua ndiyo iliyomtesa. Mheshimiwa alipita kukagua, akasema pua ni pana. Profesa akaipunguza. Mheshimiwa akapita tena.

"Bado."

"Mheshimiwa, nikizidi kuipunguza hutaweza kupumua."

"Ni sanamu, fundi. Nani kakuambia inapumua?"

Mwisho ikawa pua nyembamba kama ukingo wa bahasha, ambayo hata mama mzazi wa Mheshimiwa asingeitambua. Kisha Profesa akaisugua sanamu yote mpaka ikawa nyeupe, akaipaka maji ya bluu kwa sifongo, kipande kwa kipande, na Mheshimiwa akawa mwekundu kuanzia viatu hadi kipara. Mke wake alileta chakula, akasimama akaitazama.

"Imekaaje?" Profesa aliuliza, macho yakimtoka kwa kutaka sifa.

"Imefanana na mtu aliyeungua jua," mke alisema, akaweka sahani chini. Lakini alipogeuka kuondoka aliipitishia kidole mkononi, pale fundi alipochonga hata mishipa. Profesa aliliona hilo, akalila pamoja na chakula.

Kamati ilitaka mtaalamu wa kuthibitisha kwamba shaba ni shaba. Wakamteua shemeji. Profesa alipomwona anaingia karakana na mkoba wake, alijikuta akiipangusa sanamu tena, ingawa hakujua kwa nini. Shemeji aliizunguka sanamu. Aliigonga kwa kifundo cha kidole, ikalia kama debe. Mheshimiwa alikuwa amesimama mlangoni.

"Mwalimu," Mheshimiwa alisema, "nasikia nafasi ya mkuu wa shule iko wazi pale kwenu."

Shemeji aliweka mkoba wake chini. Akaigonga tena, polepole zaidi.

"Inapendeza sana," alisema, akatia sahihi.

Jioni ile Profesa alimwambia mke wake kwa furaha, "Kaka yako kakubali mwenyewe! Leo kanivulia kofia." Mke aliacha kupepeta mchele. "Kaka yangu," alisema, "hajawahi kuwa na kofia."

Siku ya uzinduzi jua lilikuwa kali. Kitambaa kilipovutwa, sanamu iliwaka hadi watu wakaziba macho. Makofi yalipigwa, bendi ilipiga, na chini ya sanamu bamba la jiwe lilisomeka: *Shaba Safi, Alama ya Uongozi Usiofifia*. Profesa alisimama katika suti ya kuazima ambayo mikono yake iliishia karibu na viwiko, na Mheshimiwa alimshika bega mbele ya umati akamwita mwanasayansi wetu. Machozi yalimlenga. Katika maisha yake yote hakuna aliyewahi kumwita hivyo bila kufuatisha kicheko. Na siku ile, hata aliposikiliza sana, hakusikia kicheko.

Wiki iliyofuata mvua zilianza.

Kwanza mstari mwembamba wa kahawia ulishuka kutoka puani. Kisha miwili, mmoja kila tundu. Kisha macho yakaanza, na kwapani, na chini ya mkanda, mahali ambapo hakuna kiongozi anayetaka kuonekana amelowa. Masikioni kukaota ukijani. Wachuuzi wa sokoni, waliokuwa wakipita kimya, sasa walipunguza mwendo. "Mpeni leso," mmoja alisema. Katibu wa Mheshimiwa alitoa tamko kwamba sanamu inatoa jasho kwa ajili ya wananchi, na tamko hilo liliwavunja watu mbavu kuliko sanamu yenyewe.

Profesa alikuwa akienda kila asubuhi na kitambaa na ngazi, akiifuta. "Inapumua," aliwaambia wapitao. Lakini sauti yake ilikuwa imeanza kufanana na ya shemeji. Alikuwa akifuta, na alipoangalia kitambaa aliona unga mwekundu wa shaba umebanduka, na chini yake chuma cheusi, na juu ya chuma kutu iliyokuwa imekwenda kasi kuliko kutu yoyote aliyowahi kuiona katika ufundi wake wote. Geti la chuma kitupu lisingeoza hivyo kwa mvua za mwezi mmoja. Aliliona hilo, akalikunja pamoja na kitambaa, akalitia mfukoni.

Halafu wezi wakaja. Walikuwa wamesoma lile jiwe, wakaamini, jambo ambalo huwapata wanaosoma. Walikata mkono wa kulia wa Mheshimiwa, ule ulionyooshwa kuelekea kesho, wakaupeleka kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Mnunuzi alipitisha tupa mara moja tu kwenye kiwiko, akaona, akawarudishia na kuwatukana.

Soko lilipofunguliwa asubuhi, watu walikuta mkono umeegemezwa miguuni pa sanamu, umewekwa kwa adabu, na alama ya tupa ikionekana wazi: wekundu mwembamba kama ngozi ya kitunguu, kisha chuma.

Kicheko kilichoangushwa pale kilisikika hadi ofisi za halmashauri. Muuza samaki aliushika mkono ule akawa anaupungia watu. "Hata wezi wana viwango!" alipiga kelele. "Wamemkataa!" Profesa alifika na ngazi yake begani, akakuta umati, akasimama. Watu walipomwona walifungua njia, na njia ile ilikuwa ndefu kuliko zote alizowahi kupita.

Sasa jiwe linasema shaba safi na mkono unasema chuma, na hesabu ya kamati ilikuwa ya shaba. Wakubwa kutoka juu walikuja kuuliza. Mkutano wa hadhara ukaitishwa katika ukumbi wa halmashauri, watu wakajaa mpaka madirishani. Mheshimiwa alisimama, akaweka mkono kifuani.

"Ndugu zangu, mimi nilitapeliwa," alisema. "Nilimwamini fundi wa mtaani, kwa kuwa nawapenda watu wa chini. Na malipo yake ndiyo haya."

Kisha akaitwa mtaalamu. Shemeji alipanda jukwaani na glasi, maji ya bluu na msumari. Alikuwa ametambua upepo unavumia wapi, na sauti yake siku ile ilifika hadi nyuma ya ukumbi. Aliutumbukiza msumari mbele ya watu wote. Ukawa mwekundu. Watu wakaguna kwa mshangao, na Profesa, aliyewekwa kwenye kiti peke yake mbele kama mtuhumiwa, akasimama nusu bila kujua.

Safari hii hakutoka nje. Hakukuwa na pa kutokea.

Shemeji alieleza yote. Aliutikisa msumari, shaba ikaanguka chini ya glasi kama makapi. Alionyesha msumari mwingine uliolala kwenye glasi ya pili tangu jana, umekonda kama sindano. Alionyesha glasi yake, maji yakiwa hayana tena bluu bali ukijani hafifu, na chini tope jekundu. Alieleza ngazi ya metali, nani anamtoa nani, na kwa nini chuma kilichovaa shaba kinaoza mbio kikinyeshewa. Yalikuwa maneno yale yale aliyomwambia Profesa karakana, ila sasa alikuwa akiyasema kwa mtu mwingine, na kwa faida yake mwenyewe.

"Kwa hiyo," Profesa aliuliza kwa sauti ndogo, "ile bluu ndiyo shaba yenyewe?"

Ukumbi ulicheka. Shemeji alishindwa kumtazama.

"Ndiyo, shemeji. Ile bluu ndiyo shaba."

Profesa alikaa chini. Umri wote ule alidhani maji ya bluu yana nguvu ya kugeuza. Kumbe yalikuwa na shaba kama kikapu chenye vitunguu, na yeye alikuwa akitoa chuma chake na kuchukua vitunguu vichache, akiita uchawi. Masikio yalimuwaka. Angekuwa na uwezo angetoka mbio tena kupitia madirishani, ila safari hii kujificha.

"Mnaona?" Mheshimiwa alisema. "Tapeli hata hajui utapeli wake."

Hapo ndipo alipokosea. Angemwita Profesa mjinga, Profesa angenyamaza, kwa kuwa alikuwa ameshaanza kulikubali hilo. Lakini aliitwa tapeli.

"Mimi si tapeli," Profesa alisema, akasimama wima. "Tapeli anajua. Mimi sikujua. Nilisema ninageuza chuma, na nilidhani ninageuza. Wewe ndiye uliyeniletea chuma, Mheshimiwa. Lori la halmashauri. Mabamba yenye matundu ya bolti."

"Fundi, kaa chini."

"Lile tumbo," Profesa alisema, akigeukia watu, "ni tangi letu la maji. Sikulikunja hata kidogo. Lilikuja vile vile."

Mwanamke mmoja nyuma, mwenye ndoo aliyoingia nayo moja kwa moja kutoka mtoni, akasema kwa sauti ya kawaida kabisa: "Ndiyo maana limenona." Baada ya hapo hakuna aliyesikia kilichosemwa jukwaani.

Mambo yaliishia hivi. Mheshimiwa alijiuzulu kwa sababu za kiafya, akapumzika kidogo, kisha akateuliwa kwenye bodi fulani inayohusika na maji. Shemeji alipata ukuu wa shule, maana alikuwa ameeleza vizuri mno. Sanamu iling'olewa, ikauzwa kwa mnunuzi yule yule wa vyuma chakavu, ambaye alilalamika sana kuhusu ubora. Jiwe lenye maandishi lilibaki, kwa kuwa amri ilitaja sanamu tu, na hadi leo watu hulikalia wakisubiri mvua ipite. Profesa hakushtakiwa. Kumshtaki kungehitaji kufungua mafaili, na hakuna mkubwa aliyetaka kuyafungua.

Usiku wa mkutano alirudi nyumbani akakaa kitandani na viatu. Mke wake alimvua kimoja, kisha cha pili.

"Umecheka?" Profesa alimuuliza.

"Nimecheka," mke alisema. "Ya tumbo nimecheka mpaka nikaumwa mbavu." Akaviweka viatu chini ya kitanda. "Na ulisema kweli mbele ya watu. Ingawa ni kwa hasira."

"Mrututu ni shaba," Profesa alisema, kana kwamba ametoka kusikia msiba. "Ni shaba yenyewe, mama watoto. Imo yote humo."

"Lala."

Hakupona upesi. Kwa miezi kadhaa alichomelea mageti ya kawaida, akapaka rangi ya kawaida, na mtu akimwita Profesa alijifanya hasikii. Watu wa mtaa walikuwa wameanza kukosa raha, kama mtu aliyeng'olewa jino la kuuma. Kisha siku moja alikwenda mwenyewe shuleni, akapita ofisi ya mkuu, akamkuta shemeji nyuma ya meza kubwa kuliko yeye. Hawakuzungumza habari ya sahihi. Profesa hakuuliza, na shemeji hakujieleza. Kila mmoja alikuwa na sababu yake ya kutazama dirishani.

"Ile ngazi," Profesa alisema hatimaye. "Ulisema zinki iko juu ya chuma."

"Ndiyo."

"Kwa hiyo nikivalisha chuma zinki badala ya shaba, nani ataliwa kwanza?"

Shemeji alimtazama, na kwa mara ya kwanza tangu wajuane alitabasamu bila woga. "Zinki italiwa. Chuma kitabaki."

Sasa Profesa anauza mageti yaliyochovywa zinki. Anayapeleka kiwandani yachovywe, na hayaozi. Ni mageti mazuri kweli. Tabu ni kuyanunua. Mteja akiingia tu kuuliza bei, Profesa anamkalisha kwenye stuli na kumweleza ngazi yote kuanzia potasiamu, akipanda na kushuka, akionya kuhusu shaba kwa hasira ya mtu aliyewahi kuachwa nayo. Wengine huondoka alipofika kwenye risasi. Mke wake ameweka meza mlangoni pa karakana ili awahi kuwashika.

"Alhamisi geti litakuwa tayari," huwaambia, akiandika vipimo. "Msimsubiri amalize. Akishafika kwenye dhahabu, huanza upya."